Siklidi gani atakaa kwa amani kwenye akwariamu yenye mimea?

Mwezi huu maswali ya samaki wa mapambo yamekuwa mengi na karibu yote yanamhusu siklidi, ile jamii kubwa ya samaki wa mito na maziwa: nani akae na nani, nani anang'oa mimea, nani anakula wenzake. Tumechukua machache, mengine tutayajibu toleo lijalo.

Habari za kazi. Nina akwariamu ya sentimita 90 kwa 40, kimo 45, nimepanda mimea mpaka imefunga vizuri, ndani kulikuwa na neoni tetra, wale wadogo wenye mstari wa bluu, na koridora watano, wale kambare wadogo wa chini. Nikaenda dukani nikamwambia jamaa nataka siklidi wasio na fujo, akanipa watatu wa njano, wawili wa bluu wenye mistari na enjeli wawili wakubwa. Haikupita wiki mimea inaelea juu, na neoni kila asubuhi nikihesabu wamepungua wakati maiti sioni. Maji natumia ya kisima nachanganya na ya bomba. Nifanyeje, na hivi siklidi mpole yupo kweli au ni maneno ya wauzaji?
*Msomaji, Tabata, Dar es Salaam*

Wapo kaka, ila sio hao uliouziwa. Neoni wako hawajapotea, wako tumboni mwa enjeli. Enjeli anaonekana mpole kwa sababu anatembea taratibu kama bibi harusi lakini mdomo wake ukifunguka neoni anaingia mzima mzima, na wanafanya kazi hiyo alfajiri taa ikiwa bado haijawashwa ndo maana huoni kitu. Ukitaka enjeli na tetra pamoja, unanunua enjeli wakiwa wadogo kabisa na tetra wawe wa aina kubwa kubwa wenye mwili mpana. Wewe umefanyiwa kinyume chake.

Sasa hao wa njano na wa bluu, kwa maelezo yako hao ni mbuna, siklidi wa mawe wa Ziwa Nyasa. Wa njano bila shaka ni Labidochromis caeruleus, ambaye kati ya mbuna ni mstaarabu, nampa hiyo. Wa bluu wenye mistari wengi wao ni wakorofi hasa. Mbuna kwao hakuna bustani, kuna majabali, na kazi yao kutwa ni kukwangua ule ute wa mwani na vidudu vilivyoota juu ya jiwe, kwahiyo ukimuwekea jani laini anaona umemtengea chakula, na lile asilokula analing'oa akichimba. Halafu wanataka maji magumu, yaani yenye madini mengi, na pH (kipimo cha asidi ya maji) karibu 8, wakati neoni asili yake ni vijito vya Amazoni vyenye maji laini ya rangi ya chai. Yaani hata wasingegusana bado mmoja wao angekuwa anaishi kwa taabu. Rudisha mbuna wote dukani, au kama umeshawapenda watafutie tangi lao la mawe matupu, huko wafugaji huwaweka wengi kwa makusudi ili ugomvi usimwangukie mmoja. Enjeli nao waondoe au uamue kwamba tangi ni la enjeli, na hapo neoni ndo wahame.

Baada ya hapo ndo tuongee siklidi wa kuweka. Watu wengi wanaanza na rangi, mimi nasema anza na maji, na kwako maji ndo yenye neno kwa sababu visima vingi vya Dar vina chumvi na vingine maji yake ni magumu mno. Kama huna vipimo angalia birika lako la chai, likiwa na ukoko mweupe mgumu ndani basi hayo maji ni magumu, sahau siklidi wa maji laini kama ramu wa bluu na diskasi, utawaua tu na pesa yako itaenda. Ukiweza nunua karatasi za kupima pH na ugumu, ni gharama ya mara moja lakini zitakuokoa mengi.

Kwa maji yako ya kuchanganya, mimi ningekuambia kribensi bila kufikiri mara mbili. Huyu ni Pelvicachromis pulcher, kwao Nigeria kusini na kando kando ya Kameruni, dume anafika sentimita 10 hivi na jike ni mfupi zaidi, anavumilia pH kuanzia 6 mpaka karibu 7.8, joto la 24 mpaka 27, na mimea haitafuni. Atachimba, ndio, ila anachimba pale mlangoni kwake, habomoi bustani nzima. Chukua dume mmoja jike mmoja, basi. Ukiweka jozi mbili kwenye sentimita 90 unatafuta kesi.

Nyumba yake usinunue, chukua kifuu cha nazi. Kikwangue nyuzi zote, kichemshe mara mbili tatu ukimwaga yale maji ya kahawia, toboa mlango mdogo pembeni unaopita vidole viwili, kisha kifunike juu ya mchanga na nyuma yake panda kitu kizito kama kriptokorine au funga anubias kwa uzi kwenye gogo. Weka vifuu viwili, kimoja kila upande, ili wachague wenyewe. Jike akiwa tayari tumbo linakuwa la zambarau iliyoiva, anajikunja mbele ya dume huku anatetemeka, ukiona hivyo wameelewana. Kuanzia hapo wanabeba mchanga mdomo mmoja mmoja kutoka ndani ya kifuu wanautema nje, mayai yanabandikwa kwenye dari, jike anaingia haonekani na wewe unadhani amekufa. Usifunue! Kama siku ya tatu hivi mayai yanaanguliwa, na baada ya wiki hivi atatoka na kiwingu cha vitoto kinachomfuata chini chini.

Hapo sasa ndo upole unaisha kwa muda na lazima nikuambie mapema, maana watu huwa wananiandikia wakilia kwamba kribensi wao kageuka. Hajageuka, ana watoto. Tetra wanaogelea juu kwahiyo wanafukuzwa kidogo wanaelewa. Wenye shida ni koridora, sababu wao wanapapasa chini kutwa kucha, hawana habari na mipaka ya mtu, usiku wanaingia kifuuni kula mayai na wanang'atwa mpaka ndevu zinaisha. Kwenye sentimita 90 koridora watano wanaweza kuishi na jozi moja ukiwagawia upande wao, yaani uoteshe ukuta wa mimea katikati ili kribensi asiwaone kutoka kwake. Siklidi asichokiona huwa hakifukuzi. Hiyo mimea mirefu inakusaidia kwa amani kuliko samaki yeyote utakayeambiwa ni mpole.

Na tafadhali siklidi wa chini wawe wa aina moja tu kwa tangi. Msiniandikie tena kuniuliza kribensi na ramu na apisto pamoja, wote ni wa chini, wote wanataka pango na wote wanataka kuzaa.

Hujambo. Niko Nairobi, tangi letu ni la lita 112, sentimita 80 kwa 35 kwa 40. Msichana wangu ameona ramu wa bluu na hataki kuskia kitu kingine. Tulinunua wawili, wakakaa vizuri kidogo tu kisha wakaanza kujificha, wakakonda, wakafa. Maji yetu ni ya mfereji, nikipima ni laini na pH iko kama 7. Mahali tunaishi kuna baridi sana Julai na stima hupotea. Tujaribu tena ama tuachane nao?
*Mama wa watoto wawili, Nairobi*

Pole mama, na mpe pole huyo binti. Msijaribu tena sasa hivi, na sababu sio nyinyi. Ramu wa bluu, Mikrogeophagus ramirezi, asili yake ni tambarare za joto za Venezuela na Kolombia, anataka maji ya 27 mpaka 30. Kwa Nairobi ya Julai hiyo ina maana hita ifanye kazi usiku kucha, na stima ikipotea masaa matano ndo mwanzo wa kukonda huko unakokusema. Isitoshe wengi wanaouzwa wamezalishwa mashambani kwa wingi, wengine wanapewa homoni ili rangi ikolee wangali wadogo, wanafika kwako wakiwa wameshachoka. Anataka pia tangi lililokomaa, miezi kadhaa, sio lile ambalo mchanga bado unang'aa.

Ila ana ndugu yake, ramu wa Bolivia, Mikrogeophagus altispinosus. Dukani anaonekana hana maajabu, rangi kama ya mchanga na doa jeusi ubavuni, watu wanampita. Mpeleke nyumbani kwenye mimea na mchanga laini umpe mwezi, mapezi yanachukua wekundu kwenye kingo, kifua kinakuwa cha dhahabu na anatembea kwa vituo, anasimama, anaangalia, anasonga. Yeye anaridhika na 23 mpaka 27, ni mgumu kuliko yule wa bluu, anafika sentimita 8 hivi na hafukuzi fukuzi watu akiwa hana mayai. Kwa lita 112 weka jozi moja. Kutofautisha dume na jike wakiwa wadogo ni kazi, ndo maana wengi hununua watano sita wadogo, wakishajipanga wawili wanabaki wengine wanarudishwa dukani. Muulizeni muuzaji kama anakubali kurudishiwa kabla hamjalipa.

Kama binti anataka rangi na hataki mjadala, basi apisto, Apistogramma cacatuoides. Dume ana kishungi mgongoni kama cha kuku wa kimasai na mkia wa machungwa, na maji yenu laini ndo anayoyapenda. Huyu ni wa wake wengi, dume mmoja majike wawili, kila jike na pango lake mbali na mwenzake. Jike akipata mayai anageuka manjano ya kung'aa na mistari myeusi, ni mdogo wa sentimita 5 lakini atamfukuza mume wake mpaka pembeni ya tangi, msishtuke. Hita bado mtaihitaji, 25 inatosha.

Kitu kimoja cha bure: majani ya mti wa mkungu. Yale mapana ya kahawia yaliyoanguka yenyewe, ambayo kule Pwani yanafagiliwa na kuchomwa kila asubuhi. Mwambieni mtu wa Mombasa awaletee mfuko, yasiwe ya kando ya barabara yenye moshi wa magari, muyaoshe, mtupie matatu manne yatazama baada ya siku mbili. Yanatoa rangi ya chai nyepesi, yanashusha pH kidogo kwenye maji laini kama yenu, na vitoto vya apisto vinachokonoa vidudu juu yake. Huko Asia wanayafunga kwenye pakiti wanauza.

Stima ikipotea, mzungushieni tangi blanketi na muwe na pampu ndogo ya hewa ya betri. Msiwape chakula mpaka irudi, maana filta imesimama na uchafu hauna wa kuusafisha. Wenza wa juu: kadinali tetra kadhaa, kama kumi hivi.

Niko Mwanza, jirani na ziwa. Kwanini ninunue samaki wa Amerika Kusini wakati furu wamejaa hapa? Nataka akwariamu ya furu na majani ya ziwani, nikachote mwenyewe.
*Kijana wa Mwanza*

Mdogo wangu swali lako ni zuri na linaniuma kidogo, sababu furu, hao siklidi wa ziwa lenu, walikuwa mamia ya aina humo ziwani, kisha sangara akaletwa miaka ya 1950, ilipofika miaka ya 1980 akawa amejaa kila mahali, na pamoja na maji kuchafuka aina nyingi zikatoweka kabisa. Kuna nyingine leo zinaishi kwenye matangi ya wafugaji wa Ulaya na Marekani kuliko zinavyoonekana kwao. Kwahiyo wazo la mtu wa Mwanza kufuga furu mimi naliunga mkono.

Lakini kwa tangi la amani lenye mimea, furu wengi wa kawaida sio chaguo. Dume mwenye rangi anamiliki sakafu nzima na anafukuza mpaka kivuli chake. Yupo mmoja anayeweza, ni mdogo, anaitwa Pseudocrenilabrus multicolor. Jamii yake iko kuanzia mto Nile huko Misri mpaka mabwawa na mafunjo ya ukanda wa Ziwa Viktoria, ana sentimita 8 tu, na wafugaji wa Ulaya wamekuwa naye tangu mwanzo mwanzo wa karne iliyopita. Amezoea kuishi katikati ya majani, kwahiyo mimea yako hana ugomvi nayo isipokuwa kishimo kidogo anachochimba dume wakati wa kutaga. Jike anabeba mayai mdomoni wiki mbili hivi hali kitu, mashavu yanavimba, na vitoto vikishatoka vikiona hatari vinarudi mdomoni mbio. Kuna watu wameingia kwenye ufugaji kwa sababu ya kuona hicho kitu tu. Dume mmoja kwa majike watatu, na mimea minene, kwa sababu dume hamuachi jike apumzike.

Sasa kuhusu kuchota mwenyewe. Pita kwanza kwa afisa uvuvi wa kwenu uulize kibali, usije ukakamatwa na ndoo. Na usiingie majini kwenye majani ya pwani ya ziwa kukata mimea, kichocho kiko pale pale, na wale konokono wanaokibeba wanapenda kujishikiza kwenye majani hayo hayo unayoyataka. Mmea unaoufaa tangi lako ni ule wenye vijani kama brashi, Ceratophyllum demersum, upo ziwani na upo pia madukani na kwa wafugaji wenzako, chukua wa kwao. Hata huo uloweke kwenye maji ya shabu, ile ya kutulizia maji, vijiko viwili vya chakula kwa lita nne, siku mbili, kisha suuza vizuri sana.

Na ukichoka kufuga, usimwachie samaki wala mmea ziwani, hata kama unadhani ni wa hapo hapo. Gugumaji nalo lilianza kama ua la bustani.

Mimi niko Bujumbura, ziwa liko karibu. Nina brichardi kumi na wamezaana. Mbona kila samaki mwingine ninayemtia wanamuua? Nasikia brichardi ni mpole.
*Msomaji, Bujumbura*

Ni mpole kwa ukoo wake. Neolamprologus brichardi, jina amepewa kwa heshima ya Pierre Brichard aliyekuwa anasafirisha samaki wa Tanganyika nje kutokea hapo hapo kwenu, anazaa na watoto wa uzao wa kwanza hawaondoki, wanabaki kulinda wadogo zao. Unapoona kumi, hao ni familia moja yenye walinzi wa kila saizi, na mgeni akitiwa humo hana pa kukimbilia. Waache peke yao, ni tangi zuri sana la aina moja.

Ukitaka wa Tanganyika wanaoweza kukaa na wengine, tafuta multi, Neolamprologus multifasciatus, wale wa sentimita 4 wanaoishi ndani ya makombe ya konokono. Kundi zima linatosha kwenye kipande cha sakafu cha sentimita 40, na juu yao unaweza kuweka Cyprichromis, siklidi wanaoogelea juu, kama tangi ni la mita moja na zaidi. Mimea kwa pH ya huko ni michache: Vallisneria, ambayo ziwani ipo, iwe kwenye vyungu vidogo kwa sababu multi wanahamisha mchanga usiku na mchana, na anubias iliyofungwa kwenye jiwe. Mingine msijisumbue.

Samahani kama swali ni la kijinga. Nimesoma kwamba sato na perege nao ni siklidi. Nina vifaranga vitano vya sato kutoka kwenye bwawa la mjomba, vizuri sana, naweza kuviweka na gapi kwenye lita 60?
*Msomaji, Morogoro*

Swali sio la kijinga, na ni kweli ni siklidi. Jibu ni hapana. Sato ndani ya miezi sita bwawani anaweza kufika saizi ya sahani, anakula majani, anachimba, na gapi wako atawamaliza kabla hajafika saizi ya kiganja. Virudishe kwa mjomba, na mwakani ukaombe kimoja kikiwa kimekaangwa.